Huduma Uliyoilemaza Imewaka Tena Baada ya Kusanidi Mfumo Upya: Dalili, Sababu na Marekebisho

Tangu Microsoft iliposimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi wa kompyuta hapa Mombasa tumekuwa tukifanya kazi ya aina moja karibu kila siku: kupandisha mashine kwenda Windows 11, au kuzihamishia Linux zile ambazo hazina kifaa cha usalama cha TPM 2.0 kinachohitajika. Ofisi za mawakala wa forodha kule Kilindini, hoteli za Nyali na saiba za Mwembe Tayari zote huleta lalamiko lilelile baada ya wiki moja au mbili, kwamba huduma, yaani programu inayofanya kazi chinichini, ambayo mwenye mashine alikuwa ameizima sasa inafanya kazi tena bila idhini yake. Wengine huleta kinyume chake: huduma wanayoihitaji inakataa kabisa kuwaka, na hakuna anayekumbuka nani aliizima wala kwa sababu gani.

Msimamo wangu ni kwamba huduma iliyolemazwa na mwenye mashine inapaswa kubaki imelemazwa baada ya mfumo kusanidiwa upya, kusasishwa au kupandishwa daraja, kwa sababu kulemaza huduma ni uamuzi wa mtu, na uamuzi wa mtu haufai kufutwa na programu kimyakimya. Hata hivyo mfumo unaweza kuheshimu tu uamuzi ulioandikwa mahali ambapo wenyewe hupasoma. Matatizo mengi yaliyoelezwa hapa chini yanatokana na uamuzi kuandikwa mahali pasipo pake, au kutoandikwa popote.

Maneno matatu ya kutenganisha kwanza

Kusimamisha huduma ni kuizima kwa sasa tu. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, huduma nayo inarudi. Kulemaza ni kuiondoa katika orodha ya huduma zinazowaka pamoja na kompyuta, lakini huduma iliyolemazwa kwenye Linux bado inaweza kuamshwa na mtu au na huduma nyingine inayoihitaji. Kuziba ni kufunga mlango kabisa, hata huduma nyingine isiweze kuiamsha. Katika mifumo ya Linux inayotumia systemd, programu inayosimamia uwashaji wa huduma, amri za mambo haya matatu ni `systemctl stop`, `systemctl disable` na `systemctl mask`. Windows haina tofauti ya pili na ya tatu kwa namna hiyo: huduma iliyowekwa katika hali ya kulemazwa haiwashwi na yeyote mpaka hali hiyo ibadilishwe.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha kompyuta ina betri au kifaa cha kuhifadhi umeme kinachofanya kazi. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, tatizo dogo la huduma moja hugeuka kuwa mfumo mzima usiowaka, na hapo ndipo gharama huanza.

Dalili ya kwanza: kwenye Linux, huduma iliyolemazwa inaonekana ikifanya kazi baada ya sasisho au usanidi mpya

Anza kwa maswali mawili. Amri ya `systemctl is-enabled cups.service` inakueleza kama huduma ya kuchapisha imo katika orodha ya kuwaka, na `systemctl is-active cups.service` inakueleza kama inafanya kazi sasa hivi. Majibu hayo mawili yakisomwa pamoja hutatua nusu ya kesi ninazoletewa.

Jibu la kwanza likiwa kwamba huduma imo katika orodha, sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba haikuwahi kulemazwa, ilisimamishwa tu. Mtu alitumia `stop`, akaona imezima, akaridhika. Kompyuta ilipowashwa upya mwishoni mwa sasisho, huduma ikawaka kama ilivyoagizwa tangu mwanzo, na lawama ikaangukia sasisho. Tiba ni `systemctl disable --now`, ambayo hulemaza na kusimamisha kwa pamoja.

Ikiwa imelemazwa lakini inafanya kazi, kuna kitu kingine kinachoiamsha. Tazama `systemctl status` na utafute mstari wa `TriggeredBy`, ambao hutaja soketi (mlango wa mawasiliano), kipima-muda au njia ya faili inayoiamsha huduma inapohitajika. Kisha tumia `systemctl list-dependencies --reverse` ikifuatwa na jina la huduma, uone nani anaitegemea. Mfano ninaokutana nao mara nyingi ni wa huduma hiyohiyo ya kuchapisha: mtu huilemaza `cups` lakini huiacha `cups-browsed`, inayotafuta printa mtandaoni, na kwa kuwa hii ya pili haiwezi kufanya kazi bila ya kwanza, kila kompyuta inapowaka huivuta mwenzake. Mfano mwingine ni wa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kuanzia toleo la 22.10, ambapo mlango wa SSH, njia ya kuingia katika kompyuta kutoka mbali, husikilizwa na `ssh.socket`. Mtu aliyelemaza `ssh.service` peke yake hudhani mlango namba 22 umefungwa, kumbe mfumo unasubiri mgeni wa kwanza abishe hodi ndipo uiamshe huduma. Hapa lazima soketi nayo ilemazwe na isimamishwe, na kama hutaki huduma hiyo iamke kwa njia yoyote ile, izibe.

Sababu inayofuata huhusu faili zilizobadilishwa mahali pasipofaa. Faili zilizo ndani ya `/usr/lib/systemd/system` ni mali ya vifurushi vya programu, na kila sasisho lina haki ya kuziandika upya. Anayelemaza huduma kwa kuifuta faili yake humo, au kwa kuihariri humo, atakuta kazi yake imefutika mara tu kifurushi kitakaposasishwa. Mabadiliko ya mwenye mashine mahali pake ni `/etc/systemd/system`, na amri za `disable` na `mask` huandika huko zenyewe. Kwenye mashine kongwe zisizotumia systemd kosa linalofanana na hili ni la `update-rc.d` ikitumiwa na neno `remove`: viungo vyote vya kuwashia huondolewa, na sasisho linalofuata, lisipokuta kiungo hata kimoja, huchukulia kwamba huduma inawekwa kwa mara ya kwanza na kuvirudisha vyote. Neno sahihi lilikuwa `disable`, linaloacha viungo vya kuzimia kama alama ya uamuzi.

Sababu inayofanana na hiyo ni swali linaloulizwa katikati ya sasisho. Debian, aina nyingine ya Linux, na Ubuntu zikikuta faili ya usanidi uliyoihariri, huuliza kama uhifadhi yako au upokee ile iliyokuja na kifurushi. Baadhi ya huduma huwekewa neno la kuwasha au kutowasha ndani ya `/etc/default`, na mtu anayejibu kwa haraka kwamba apokee mpya hufuta uamuzi wake kwa mkono wake mwenyewe. Jibu salama, ambalo pia ndilo la msingi ukibonyeza tu kitufe cha kuingiza, ni kuhifadhi faili yako, kisha kulinganisha tofauti baadaye ukiwa umetulia.

Kwa upande wa kifurushi chenyewe, Debian imefanya jambo hili kwa uangalifu unaostahili sifa. Ukisasisha kifurushi au ukitumia `dpkg-reconfigure`, amri ya kukisanidi upya, chombo kiitwacho `deb-systemd-helper` hukagua kumbukumbu zake, kikaona kwamba huduma iliwahi kuwekwa na kisha ikalemazwa na mwenyewe, nacho huiacha hivyo hivyo. Mfumo hata hukuandikia kwamba huduma imelemazwa na kwa hiyo haiwashwi. Kumbukumbu hiyo hufutwa pale tu unapoondoa kifurushi pamoja na athari zake zote kwa `purge`. Ukikiweka tena baada ya hapo, kwa mfumo huo ni kifurushi kigeni, na desturi ya Debian ni kuwasha huduma mpya mara inapowekwa. Fedora, ambayo nayo ni aina ya Linux, ina desturi tofauti: huduma nyingi huja zikiwa zimelemazwa na husubiri mwenyewe aziwashe. Fundi anayehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine asipoijua tofauti hii atashangaa bila sababu.

Sababu ya nadra zaidi ni ile iliyonichukua siku mbili kuielewa, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Kituo kimoja cha mafunzo upande wa Likoni kilihitaji kompyuta kadhaa zinazofanana. Nilitayarisha mashine moja, nikalemaza huduma zisizohitajika, nikafuta faili ya `/etc/machine-id` ili kila nakala ipate utambulisho wake, kisha nikanakili diski. Nakala zote zilipowaka, huduma nilizozilemaza zilikuwa zimerudi. Chanzo ni kwamba systemd isipoikuta kabisa faili hiyo huamini kwamba mfumo unawaka kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mara ya kwanza hupitisha kanuni za awali zinazoeleza huduma ipi iwashwe. Pasipo kanuni inayoitaja huduma fulani, jibu lake ni kuiwasha. Kama ningeiacha faili ikiwepo lakini tupu, kwa `truncate -s 0 /etc/machine-id`, kila nakala ingepata utambulisho mpya bila kuhesabiwa kuwa ni uwashaji wa kwanza. Na kama ningetaka uamuzi udumu hata katika uwashaji wa kwanza, ningeandika faili ndani ya `/etc/systemd/system-preset`, yenye jina linaloanza na namba ndogo kama `10-ofisi.preset`, na ndani yake mstari wa `disable` kwa kila huduma. Faili hizo husomwa kwa mpangilio wa majina, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoshinda. Kanuni hizohizo hutumika mtu akiendesha `systemctl preset-all`, amri ambayo sishauri iendeshwe kwenye mashine inayofanya kazi bila kusoma kwanza kilichoandikwa humo.

Mwisho kabisa, uliza kama mashine hiyo inasimamiwa kutoka mahali pengine. Mahali panapotumiwa Ansible, chombo cha kusanidi mashine nyingi kwa pamoja, kila orodha ya maagizo inapoendeshwa upya hurudisha hali iliyoandikwa ndani yake, hata kama uliibadilisha kwa mkono asubuhi. NixOS, aina nyingine ya Linux, inakwenda mbali zaidi: hali ya huduma hutoka katika faili ya usanidi, na `nixos-rebuild switch` huijenga upya kutokana nayo, kwa hiyo huduma hulemazwa humo humo kwa kuandika kwamba `enable` yake ni `false`. Katika mifumo ya aina hii kubishana na amri za mkono ni kupoteza muda. Rekebisha maandishi yanayoutawala mfumo.

Simama hapa na umwite mtaalamu ikiwa mashine ni seva unayoifikia kwa SSH pekee na huduma unayotaka kuigusa inahusu mtandao au SSH yenyewe. Ukilazimika kuendelea, acha dirisha la pili likiwa limeunganishwa, na usilifunge mpaka umejaribu kuingia upya kutoka dirisha la tatu. Nimeshuhudia seva iliyokuwa umbali wa kilomita mia kadhaa ikifungiwa nje kwa amri moja ya mask, na mtu akalazimika kusafiri usiku kucha ili abonyeze vitufe vichache.

Dalili ya pili: kwenye Windows, huduma inarudi baada ya kupandisha daraja au baada ya sasisho

Fungua `services.msc` na utazame safu ya aina ya uwashaji. Sababu ya kawaida ni kwamba huduma iliwekwa katika hali ya kuwashwa kwa mkono, siyo ya kulemazwa. Watu wengi hudhani hali hiyo maana yake ni kwamba haitawaka mpaka wao waiwashe. Sivyo: programu yoyote inaweza kuiomba, na Windows yenyewe ina vichochezi vinavyoiamsha tukio fulani likitokea, kwa mfano kifaa kikichomekwa au mtandao ukipatikana. Vichochezi hivyo huonyeshwa na amri ya `sc qtriggerinfo` ikifuatwa na jina la huduma. Ukitaka kulemaza kweli, amri, kwa mfano wa `Spooler` ambayo ni huduma ya kuchapisha, ni `sc config Spooler start= disabled`, na nafasi iliyo baada ya alama ya usawa isisahaulike, kwa kuwa amri inaweza kukataliwa bila hiyo.

Sababu ya pili ni kupandisha daraja kwenyewe. Sasisho kubwa la Windows huweka mfumo mpya na kuhamisha mipangilio kutoka ule wa zamani, ambao huwekwa kando katika folda ya `Windows.old`, na katika kuhama huko aina za uwashaji za baadhi ya huduma zinaweza kurudi katika hali ya kiwandani. Kwa hiyo kabla ya kupandisha mashine yoyote mimi huhifadhi orodha ya huduma na hali zake katika faili ya maandishi, kisha nikailinganisha na hali mpya baada ya kazi. Dakika tano za kufanya hivyo zimeniokoa mara nyingi. Anayechagua kurudisha kompyuta katika hali ya mwanzo asitarajie uamuzi wake wowote ubaki, kwa sababu ameomba mwenyewe usahaulike.

Ikiwa huduma inarudi kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili, bila kuwashwa upya kwa kompyuta, shuku sera ya ofisi. Mashine zilizounganishwa na seva ya kikoa, yaani seva inayosimamia kompyuta zote za ofisi, huvuta sera upya kila dakika 90, zikiongezewa muda wa nasibu usiozidi dakika 30. Usipigane nayo; zungumza na msimamizi wa mtandao wenu, kwani huenda ana sababu ya msingi.

Kuna pia huduma zinazoundwa kwa ajili ya kila mtumiaji anapoingia, nazo hutambulika kwa herufi na tarakimu zisizoeleweka zilizo mwishoni mwa jina, kama `CDPUserSvc_` ikifuatwa na mchanganyiko wa aina hiyo. Ukilemaza nakala hiyo, mtumiaji akitoka na kuingia tena hupewa nyingine. Kinachopaswa kubadilishwa ni kiolezo chenye jina lisilo na mkia.

Huduma ya masasisho, `wuauserv`, ni suala la pekee. Wateja wengi huniomba niilemaze ili vifurushi vya data visimalizike, na ninaelewa uzito wa gharama hiyo. Lakini Windows ina huduma nyingine, `WaaSMedicSvc`, ambayo kazi yake ni kuponya mfumo wa masasisho ukiharibika, nayo huuchukulia ulemazaji huo kuwa ni ugonjwa. Mimi hukataa kazi hiyo. Mashine yenye hati za wateja isiyopata viraka (marekebisho ya usalama) ni hatari kwa watu ambao hawakushauriwa, na njia nzuri ni kuuwekea mtandao husika alama ya kwamba una kipimo cha data ("metered"), jambo linalopunguza upakuaji bila kuufunga kabisa.

Mabadiliko ya ndani zaidi hufanywa katika rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, chini ya `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services`, ambapo kila huduma ina thamani iitwayo `Start`: 2 ni kuwaka yenyewe, 3 ni kwa mkono na 4 ni kulemazwa. Usifike huko kabla ya kuhifadhi nakala ya tawi hilo. Namba 0 na 1 ni za viendeshaji vinavyohitajika tangu kompyuta inapoamka. Ukiona mojawapo, usiiguse hata kidogo, na ikiwa umeshaigusa, usiizime mashine kabla ya kumpigia fundi.

Dalili ya tatu: huduma inayohitajika inakataa kuwaka

Hapa ulemazaji umedumu kupita sababu yake. Windows hutoa kosa namba 1058, linalosema huduma imelemazwa, au namba 1068, linalosema huduma inayotegemewa imeshindwa kuwaka. Linux husema wazi kwamba huduma imefunikwa, yaani imezibwa.

Kisa cha kawaida mno hapa mjini ni cha printa mpya isiyokubali kuwekwa. Mwaka 2021 udhaifu ulioitwa PrintNightmare, wenye namba CVE-2021-34527, uliwafanya mafundi wengi kulemaza huduma ya `Spooler`, na ulikuwa ushauri sahihi wakati ule. Microsoft ilitoa viraka kuanzia Julai mwaka huohuo. Miaka imepita, ofisi imenunua printa, na huduma ingali imelemazwa kwa sababu ambayo hakuna aliyeiandika. Hakikisha kwanza mashine ina masasisho ya karibuni, kisha irudishe. Kwenye Linux tumia `systemctl unmask`, halafu `enable --now`. Likija kosa la utegemezi, rudia ukaguzi uleule kwa huduma inayotajwa.

Ni kwa sababu hii ninaomba kila anayelemaza huduma aandike pahali tarehe, jina lake na sababu. Karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la seva inatosha.

Dalili ya nne: intaneti haifanyi kazi, au mfumo hauwaki, baada ya kulemaza huduma nyingi kwa pamoja

Kwenye Linux, ukiweza kufikia anwani ya `8.8.8.8` kwa amri ya `ping` lakini tovuti hazifunguki kwa majina, tazama `/etc/resolv.conf`. Mara nyingi ni kiungo kinachoelekea ndani ya `/run/systemd/resolve`, na `systemd-resolved` iliyokuwa ikiiandika faili hiyo imelemazwa. Iwashe tena, au weka faili halisi yenye anwani za seva za majina. Ikiwa hata anwani haifikiki, angalia kama NetworkManager na `systemd-networkd`, huduma za kusimamia mtandao, zote mbili zimelemazwa, au zote mbili zimewashwa na zinagombania kadi moja. Inatakiwa moja tu isimamie kadi hiyo.

Kwenye Windows chanzo huwa ni mtu kufungua `msconfig` na kuondoa alama zote bila kuzificha kwanza huduma za Microsoft. Ingia katika hali salama, rudisha uwashaji wa kawaida, kisha anza upya. Katika Linux isiyofika mwisho wa kuwaka, ongeza `systemd.unit=rescue.target` kwenye mstari wa kiini cha mfumo ("kernel") katika menyu ya kuwashia, uondoe ulichoziba, na uendelee.

Usiendelee peke yako ikiwa skrini inaomba ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data ya diski kwa siri, na huna, kwa kuwa kila jaribio la kuweka mfumo upya kuanzia hapo linahatarisha data yote iliyomo. Vivyo hivyo ikiwa diski inatoa mlio au mfumo unaripoti makosa ya kusoma, hilo si tatizo la huduma tena. Zima mashine, iache ilivyo, na umpelekee mtaalamu pamoja na orodha ya huduma ulizozigusa, kwa mpangilio ulivyozigusa, na maneno kamili ya kosa la mwisho lililoonekana kwenye skrini.